Gae Nalo Lina Neno

Methali ya Kiswahili inasema kwamba mfinyanzi hulia gaeni. Walimu wetu wa fasihi hutufafanulia kuwa inamhusu mtu anayewatengenezea wengine vitu vizuri huku mwenyewe akitumia vibovu: fundi cherehani mwenye shati lililochanika, seremala anayekalia kreti la soda. Maana hiyo ni sahihi, nami sina ugomvi nayo. Lakini swali ninalotaka kulijadili katika insha hii liko hatua moja nyuma ya methali hiyo. Lile gae lilipatikanaje? Chombo kikipasuka motoni, je, aliyekifinyanga anastahili lawama? Na kikitoka kizima, kinang'aa, je, anastahili sifa, ikiwa jambo la mwisho lililokifanya kiwe hivyo halikuwa mikononi mwake?

Swali hili si la wafinyanzi peke yao. Mkulima anayepanda mahindi wiki moja kabla ya mvua huitwa hodari, na jirani yake aliyepanda siku ile ile kwenye bonde ambalo mvua ililiruka huitwa mzembe. Nimechagua ufinyanzi, na hasa aina ya uchomaji inayoitwa raku, kwa sababu huko sehemu ya mkono na sehemu ya moto zinaonekana kwa macho, zikiwa zimepishana kwa hatua chache tu.

Ninasoma Kiswahili na tafsiri katika chuo kimoja hapa Kampala. Muhula uliopita tulipewa kazi ya kukusanya istilahi za ufundi, nami nikaenda kwenye karakana ya ufinyanzi iliyo nyuma ya jengo letu. Maneno niliyapata nusu nusu. Udongo, gurudumu, tanuri, koleo na maranda yapo tayari katika lugha. Ila ule uji unaopakwa juu ya chombo ukayeyuka motoni na kuwa kama kioo, kila mtu pale aliuita glezi, nami sikuona sababu ya kuwabishia.

Udongo wa raku si udongo mtupu. Huchanganywa na vigae vilivyosagwa chengachenga, ili chombo kistahimili kupashwa moto na kupozwa ghafla. Kwa hiyo hata bakuli jipya kabisa limebeba ndani yake vyombo vilivyovunjika zamani. Bonge hubandikwa katikati ya gurudumu linalozunguka. Fundi hulituliza kwa viganja viwili hadi lisiyumbe, hutoboa katikati kwa vidole gumba, huikandamiza sakafu ya chombo, kisha hupandisha ukuta taratibu. Wahenga waliposema udongo uwahi ungali maji, nadhani walikuwa wamesimama mahali kama pale. Chombo kikikauka huchomwa mara ya kwanza, polepole. Hupakwa glezi na kurudishwa tanurini, na safari hii moto hupandishwa upesi hadi karibu nyuzi 1000 za Selsiasi. Glezi ikishayeyuka, tanuri hufunguliwa papo hapo, na chombo hutolewa kwa koleo refu kikiwa chekundu kama kaa la moto, kikatumbukizwa katika pipa lenye maranda au majani makavu. Maranda hulipuka moto. Pipa hufunikwa.

Ndani ya pipa, moto uliokosa hewa hutafuta oksijeni popote inapopatikana, hata ndani ya glezi yenyewe. Glezi ikiwa na oksidi ya shaba, moto huinyang'anya oksijeni yake na kuacha shaba tupu, inayong'aa kama waya mpya wa umeme. Mahali pasipopakwa glezi, udongo hunywa moshi ukawa mweusi tititi. Kifuniko kikipitisha hewa upande mmoja, upande huo hugeuka kijani. Hakuna anayeweza kuchungulia na kurekebisha. Kwa dakika zile wote husimama na kungoja, mwalimu na wanafunzi sawasawa.

Siku niliyokwenda kulikuwa na mabakuli mawili ya mtihani wa mwisho wa mwaka. Yalitokana na udongo mmoja, yakapakwa glezi ya ndoo moja, yakakaa katika tanuri moja. La kwanza lilikuwa la kijana mmoja wa Jinja, la pili la dada mmoja wa Kabale. Aliyetoa vyombo tanurini alikuwa msaidizi wa karakana, kwa sababu glavu nzito zilikuwa jozi moja tu na yeye ndiye aliyezizoea. Bakuli la kijana lilitoka pipani likiwa shaba tupu, lenye wingu la zambarau karibu na ukingo, na watu wakapiga makofi. La dada lilitolewa tanurini wakati upepo wa kutangulia mvua umeanza kuvuma. Lilipofika katikati ya njia, kati ya tanuri na pipa, ulisikika mlio mdogo kama wa kijiti kilichovunjwa. Likatumbukizwa hivyo hivyo. Pipa lilipofunuliwa, vilitoka vigae vitatu.

Kijana alipata alama za juu kuliko wote. Kwenye karatasi ya dada iliandikwa kwamba kazi haikukamilika, na kwa masharti ya ufadhili wake, somo moja lililoanguka linatosha kuitia shakani karo ya mwaka mzima.

Kijana alipopongezwa alisema, "Bahati tu jamani, moto ndio uliofanya kazi." Tulimpenda kwa unyenyekevu wake, nami bado nampenda. Lakini nilipolitafakari neno lake nikaona lina mlango wa nyuma. Anayesema kuwa uzuri ni wa moto atasema pia kuwa ubovu ni wa moto. Amejivua sifa, na katika kitendo hicho hicho amejivua dhamana. Kama moto ndio uliofanya yote, basi alama zake zilipaswa kuandikwa kwa jina la tanuri.

Jambo hili lina historia katika falsafa. Immanuel Kant, katika kitabu chake cha misingi ya maadili cha mwaka 1785, alishikilia kwamba nia njema ina thamani yake yenyewe hata kama mazingira yameinyima kila fanikio. Karibu karne mbili baadaye, mwaka 1976, Bernard Williams na Thomas Nagel waliandika makala zilizoonyesha kwamba sisi wanadamu hatuishi hivyo. Tunasema tunahukumu nia, lakini mikono yetu huhukumu matokeo. Mfano wake ni rahisi hata kwa mtu wa Kampala. Waendesha bodaboda wawili wanapita usiku bila taa. Mmoja anafika nyumbani, anakula, analala. Mwingine mtoto anakatiza mbele yake. Uzembe wao ni mmoja, lakini mmoja ataitwa muuaji na mwingine hataitwa chochote. Wanafalsafa hao waliita hali hiyo bahati katika maadili, na mpaka leo haijapata dawa.

Kant angempa yule dada alama zake zote. Ninavutiwa na jibu hilo, ila halinitoshi, kwa sababu nia njema haichotewi maji. Bibi yangu alipokuwa akinunua mtungi sokoni aliugonga kwa kifundo cha kidole na kusikiliza. Mtungi mzima hulia kama kengele. Wenye ufa hujibu kama mtu mwenye kikohozi. Hakumuuliza muuzaji aliamka saa ngapi, wala kama moyo wake ulikuwa safi wakati wa kufinyanga. Na alikuwa na haki. Anayekunywa maji ana haki ya kudai mtungi usiovuja, kama vile mgonjwa ana haki ya kudai daktari anayejua, si daktari anayesikitika.

Lakini tazama hoja hiyo ya matokeo inavyowageukia walioitumia siku ile. Bakuli la shaba lililopigiwa makofi lingeshindwa mtihani wa bibi. Udongo wa raku huchomwa kwa moto mdogo kuliko ule wa vyombo vigumu vya mezani, nao hubaki na vinyweleo. Glezi yake hujaa nyufa nyembamba kwa sababu ya kupozwa ghafla. Lijaze maji jioni, asubuhi utakuta meza imelowa. Mng'ao wenyewe wa shaba hufifia jinsi miaka inavyopita, kwa kuwa hewa huirudishia shaba ile oksijeni iliyonyang'anywa. Kwa hiyo hatukuhukumu kwa matokeo. Tulihukumu kwa tulichokiona katika dakika ya kwanza, jambo ambalo ni tofauti kabisa, na nadhani wengi wanaojigamba kuwa wanajali matokeo huwa wanamaanisha hilo tu.

Hapa inafaa tujue raku ilitoka wapi, kwa maana wenyewe hawakuianzisha kwa ajili ya kubahatisha. Ilianza Kyoto, Japani, katika karne ya 16. Chojiro, aliyefariki mwaka 1589, alitoka katika kazi ya vigae vya paa. Yupo hadi leo simba wa udongo wa kupamba paa aliyemtengeneza mwaka 1574. (Kiswahili kinatumia neno moja, kigae, kwa kipande cha paa na kwa kipande cha chungu kilichovunjika. Wajapani hawana habari nasi, lakini neno limekaa mahali pake.) Bingwa wa sherehe ya chai, Sen no Rikyu, ndiye aliyemwelekeza kufinyanga mabakuli ya kunywea chai, meusi na mekundu, yasiyo na mapambo. Neno raku lina maana ya raha au utulivu, na likawa jina la ukoo wake. Ukoo huo bado unafinyanga Kyoto. Mwaka 2019 kizazi cha 15 kilikabidhi jina kwa kizazi cha 16.

Mambo mawili ya Kyoto yalinishangaza. Kwanza, mabakuli hayo hayatoki kwenye gurudumu. Hufinyangwa kwa viganja na kuchongwa kwa kisu, na jeusi huchomwa moja moja katika tanuri dogo la makaa, likatolewa kwa koleo likiwa jekundu. Alama ya koleo hubaki ubavuni mwa bakuli na haifichwi. Halitumbukizwi katika maranda. Hupoa kwenye hewa. Mambo ya pipa na moshi tunayoyaita raku katika karakana zetu yalianzia Marekani. Bernard Leach, Mwingereza aliyeonja raku huko Tokyo mwaka 1911, aliieleza katika kitabu chake cha mwaka 1940. Kisha Paul Soldner, kule California, alianza kuijaribu mwaka 1960 kwa kufuata kitabu hicho, na katika majaribio yake akakifukia chombo cha moto katika majani makavu. Tangu hapo raku ya magharibi imependa kustaajabishwa na moto. Ile ya Kyoto imeutaka moto utii kadiri unavyoweza kutii. Jina ni moja, lakini ni misimamo miwili kuhusu bahati, na mtu anayefundishwa ule wa pili asihukumiwe kana kwamba amefundishwa ule wa kwanza.

Jambo la pili ni muhuri. Mabakuli ya Chojiro kwa kawaida hayana jina la mfinyanzi, lakini waliomfuata katika ukoo walikuwa na mihuri yao, na muhuri hugandamizwa chini ya bakuli udongo ukiwa bado mbichi. Fikiri maana yake. Mchoraji hutia sahihi picha ikiisha, baada ya kurudi nyuma hatua tatu na kuridhika. Mfinyanzi hutia jina kabla ya moto, hajui kama anaandika jina lake juu ya bakuli au juu ya gae. Hawezi kungoja aone kwanza.

Nadhani jibu langu linaanzia hapo. Kutia jina kabla ya moto si kudai kwamba nitautawala moto. Ni kukubali kwamba nitaulizwa, liwe limetoka zima au limepasuka. Na akiulizwa, mfinyanzi ana cha kujibu, kwa sababu gae husema.

Hili nililijifunza kwa fundi mzee wa karakana ile, ambaye si mhadhiri na hatoi alama kwa mtu. Watu walipokwisha kutawanyika, alivikusanya vile vigae vitatu juu ya gazeti na kunionyesha namna ya kuvisoma. Ufa unaojipinda kama herufi S katika sakafu ya chombo, alisema, ni wa mkono: fundi hakuikandamiza sakafu vizuri alipokuwa kwenye gurudumu, na ufa ulikuwamo tangu chombo kilipokauka. Ufa ambao kingo zake zimeviringika na glezi imemiminika ndani yake ulikuwapo kabla glezi haijayeyuka, kwa hiyo si wa koleo wala wa upepo. Ufa wenye kingo kali kama wembe umetokea baada ya glezi kuyeyuka, chombo kilipokuwa kinapoa. Kisha akageuza kigae ubavu. Mahali kilipovunjikia palikuwa na kingo kali, bila tone la glezi, lakini peusi kwa moshi. "Unaona?" akaniuliza. "Kama lingepasuka likiwa limeshapoa, hapa pangekuwa peupe." Bakuli lilipasuka baada ya tanuri na kabla ya moshi, yaani njiani, hewani, likiwa katika koleo ambalo dada yule hakulishika.

Sitaki kusema kwamba dada hakuwa na fungu lake. Mzee alipima ukuta kwa vidole, kutoka ukingoni hadi chini, akasema sakafu ilizidi unene kidogo, na sakafu nene hupoa nyuma ya ukuta mwembamba, zikavutana. Fungu hilo ni la dada. Fungu la upepo ni la upepo. Fungu la kutoa chombo wakati ule, badala ya kungoja upepo upite, lina mwenyewe. Katika kigae kimoja kisichozidi kiganja, mafungu yote matatu yalikuwa yanasomeka, na kilichotakiwa ni mtu mwenye dakika kumi za kuyasoma.

Ndipo nilipomfikiria kijana na bakuli lake la shaba. Sakafu yake ilikuwaje? Hakuna ajuaye. Ufa wa S unaweza kuwa umelala chini ya glezi ile nzuri, na ukuta wake unaweza kuwa haulingani kabisa. Labda ni kazi bora kuliko ya dada, labda ni mbovu zaidi. Tofauti ni kwamba yeye alipitishwa hewani dakika tano kabla ya upepo. Ili tujue ingebidi tulivunje, na hakuna mtu anayevunja bakuli lililopigiwa makofi. Hapo ndipo bahati inapofanya kazi yake kubwa, kuliko hata ndani ya pipa. Aliyeshindwa hufunuliwa kila kitu. Kasoro zake zote, hata ambazo hazikuhusika, huanikwa juu ya gazeti. Aliyefanikiwa hufungwa na mafanikio yake kama kifuniko. Hatumjui, na tunampa alama za juu kwa kutomjua.

Kuna atakayenijibu kwamba mwalimu ana wanafunzi arobaini na hawezi kuwa mpelelezi wa vigae. Ni kweli, na simlaumu mtu kwa uchache wa saa. Lakini kazi ya gurudumu ilifanyika wiki mbili mbele ya macho ya mwalimu. Unene wa ukuta hupimwa kwa sindano udongo ukiwa mbichi. Sakafu hutazamwa chombo kinapogeuzwa kuchongwa mguu. Sehemu ya mkono ilikuwa wazi kwa muda wote huo, na alama zingeweza kutolewa hapo, muhuri ulipokuwa unagandamizwa. Kungoja hadi moto umalize ndipo kalamu ishikwe ni kuuachia moto kazi ya mtahini. Moto hauna darasa wala hausomi majina.

Nilimuuliza yule kijana, kwa upole, kama angekubali fundi mzee alipime bakuli lake kwa mkono, bila kulivunja. Alinyamaza kidogo, akasema, "Likikutwa na kasoro itakuwaje?" Nikamwambia sijui. Akacheka, akanipa bakuli, tukaenda. Mzee aliligonga mara mbili, akapitisha kidole ndani hadi chini, akalirudisha kwa mikono miwili na kumwambia aongeze nguvu anapokandamiza sakafu. Kijana aliliandika hilo katika daftari lake, chini ya alama zake.

Dada yule ameiandikia idara barua ya kurasa mbili kuomba kazi yake ipitiwe upya. Nilimsaidia kuinyoosha lugha. Mzee alikataa kuandika chochote, kwa kuwa kibarua chake ni cha mkataba, lakini alichagua mwenyewe kigae cha kuweka juu, upande uliovunjika ukitazama nje. Vyote vitatu vilitiwa katika bahasha ya kaki na kukabidhiwa kwa karani, ambaye aliipima kwa mkono na kuuliza kama ndani kuna kitu cha kuvunjika.